Siku kijiji kizima kilipoamka tajiri

Msimu wa korosho ukianza, simu yangu haipoi. Mie ni fundi kompyuta hapa Mtwara mjini, lakini kwa ndugu zangu wa Tandahimba fundi kompyuta ni mtu wa kuulizwa kila chenye waya, kuanzia redio mpaka mizani ya ghalani. Kwa hiyo mjomba alipopiga usiku nikajua ni tochi imekufa.

"Mpwa wangu," ananong'ona, "uko na watu hapo?"

"Niko peke yangu. Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Sikiliza. Chama cha ushirika kimeniletea meseji. Eti nina ghalani magunia 3,906. Usimwambie mtu."

Magunia ya mjomba yalikuwa sita. Nayajua, maana la mwisho nililifunga kwenye pikipiki kwa mikono yangu mwenyewe.

Kesho yake nikapanda gari la Tandahimba, na huko nikakuta ufukara ambao sijawahi kuuona. Kila niliyemwamkia alikuwa na shida. Shangazi katoa kanga ya zamani, ile ya kudekia, ndiyo kajitanda. Jirani yake mjomba, mtu asiyepitwa na uraka, pombe ya mabibo, hata ukimficha, akasema haendi kilabuni, hana senti. Mjomba naye akamjibu kuwa kwake wamelala na njaa, huku unyoya wa jogoo umemganda kwenye mkono wa shati. Nikaanza kunusa kitu. Watu hawalii njaa kwa pamoja namna hii wakati mnada uko mlangoni.

Ofisini kwa chama cha msingi karani alikuwa hoi. Tangu asubuhi watu wanaingia mmoja mmoja, wanarudisha mlango, wanauliza kwa sauti ya chini malipo ni lini na kama benki inaweza kunyamaza. Wote wamepata meseji ileile. Kila mmoja anadhani ni bahati yake peke yake, na anawaficha ndugu.

Jamaa aliyeutengeneza mfumo hapatikani, simu kazima. Nikaifungua amri yake. Ni UPDATE, amri ya kubadili data, ya jedwali la wakulima: safu ya idadi ijazwe kwa COUNT, yaani hesabu, ya mistari ya jedwali la magunia, kila gunia na mstari wake. Mpaka hapo safi. Kwenye WHERE sasa, penye sharti la kuchagua mistari ya kuhesabu, kaandika mkulima_id = mkulima_id, yaani namba ya mkulima. Safu ya jina hilo ipo kwenye majedwali yote mawili, na hifadhidata ikikuta jina halikutajiwa jedwali, inalitafuta kwanza ndani ya swali dogo, lile la kuhesabu magunia. Ikalikuta kwenye magunia, ikamaliza: kushoto magunia, kulia magunia. Kila gunia likaulizwa kama mwenye gunia hilo ndiye mwenye gunia hilo, likaitikia naam. Kila mkulima akabandikwa ghala zima. Nikaandika magunia.mkulima_id = wakulima.mkulima_id, mjomba akarudi sita.

Karani kuona hivyo akaniletea na amri ya pili ya jamaa huyohuyo, ya kuhesabu magunia pamoja na mifuko ya salfa, dawa ya mikorosho, waliyokopa. Hii ilikuwa imeyaunganisha majedwali yote kwanza, ndipo ihesabu. Mjomba ana magunia sita na mifuko mitatu ya salfa. Kila gunia likasimama na kila mfuko, akasomeka magunia 18 na deni la mifuko 18. Hilo deni lingetoka kwa meseji, wallahi wangeichoma ofisi. Nikaitenga kila hesabu kwenye swali lake, ndipo tukatuma sahihisho.

Jioni kijiji kikarudiwa na uhai. Uraka ukanyweka, shangazi kanga mpya, mjomba akanuna. Lakini kuna mzee mmoja aliyekuwa ameuza korosho zake zote kwa kangomba, yaani kwa walanguzi, kwa bakuli, ghala halijafunguliwa. COUNT haina haya: pasipo mstari inaandika 0. Mzee akaja ofisini mbio na simu mkononi.

"Mmenipora! Jana magunia 3,906, leo sifuri! Ushahidi ninao!"

Mwenyekiti, ambaye ni mtani wake, akafungua daftari taratibu. "Sawa mzee wangu, haki yako usiiache. Ulizileta lini, na pikipiki ya nani, tumwite? Au ziliuzwa kwingine?"

Mzee akaitazama simu. Akatutazama.

"Basi mniachie hata nusu."