Karo Imelipwa, Chakula Je?

Jirani yangu hapa Busia, upande wa Uganda wa mpaka na Kenya, ni mama muuza samaki wakavu. Mwanawe alipopata mkopo wa serikali wa kusomea uhandisi Kampala, tulikunywa soda uani kwake kana kwamba ni harusi. Wiki tatu baada ya chuo kufunguliwa kijana akapiga simu. Karo imelipwa, jina liko kwenye orodha, ila hana pa kulala. Alikuwa amejibana na wenzake wawili katika chumba kimoja Kikoni, mtaa ulio jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, na chakula chake ni kikomando, zile chapati za kukatwakatwa na kumwagiwa maharage. Mara moja kwa siku, tena jioni, ili usingizi uje.

Namkumbuka kila inapozuka ile hoja kwamba serikali iache kuwasomesha bure wanafunzi wapatao 4,000 inaowachukua kila mwaka katika vyuo vikuu vya umma, na kila anayetaka msaada akope. Nilikuwa naipinga moja kwa moja. Siku hizi sina uhakika huo.

Tazama nani anaingia kwa ufadhili. Nafasi nyingi hugawanywa kwa pointi za kidato cha sita, na tangu mwaka 2005 robo tatu ya nafasi hizo za alama zimetengewa sayansi. Pointi za fizikia na kemia hazioti kama uyoga. Zinataka maabara, mwalimu asiyekosa kipindi, na mzazi wa kulipia shule za Wakiso na Mukono, wilaya za jirani na Kampala, ambazo baadhi yao hutoza karo inayoshindana na ya chuo kikuu chenyewe. Kwa hiyo aliyelipiwa mamilioni akiwa sekondari ndiye anayefika Makerere na kusomeshwa bure, na mtoto wa muuza samaki mwenye pointi pungufu anaambiwa ajilipie. Mgao wa wilaya, yaani nafasi zinazotengewa watoto wa kila wilaya, uliwekwa kurekebisha hilo, na umewasaidia wengi, lakini malalamiko hayaishi kwamba wapo watoto wa mjini wanaopelekwa kufanyia mtihani vijijini ili wachukue nafasi ya wenyeji. Ukiyaweka haya pamoja, wanaotaka mkopo wana hoja nzito kuliko sisi watetezi wa ufadhili tunavyopenda kukiri.

Tena mkopo unazunguka. Anayelipa leo anamsomesha wa kesho. Ndiyo nia ya sheria ya mwaka 2014 iliyoanzisha bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Mwaka 2024 bodi hiyo iliingizwa ndani ya Wizara ya Elimu katika ule mpango wa kupunguza mashirika ya serikali. Kama hilo litaokoa pesa au litaongeza foleni ya saini, tuache kwanza.

Shida yangu iko kwenye kinachokopeshwa. Mkopo wetu hulipa karo, ada nyingine za chuo, utafiti, na vifaa vya kumsaidia mwanafunzi mwenye ulemavu. Pesa inakwenda chuoni moja kwa moja, mwanafunzi haigusi. Waliobuni utaratibu huo hawakuwa wajinga. Kijana wa miaka 19 akipewa mamilioni mkononi Kampala, baadhi yake zitaishia usiku kwenye starehe za Wandegeya, karibu na Makerere. Lakini hakuna kitanda ndani ya mkopo huo, wala sahani. Mwenzake wa ufadhili hupewa bweni au posho ya kuishi nje. Basi ukisema wote wahamie kwenye mkopo kama ulivyo leo, umempokonya mtoto maskini aliyefaulu vizuri kile hasa ambacho kwao hakipo. Karo watu huchangishana. Ng'ombe anauzwa, shamba linawekwa rehani, kanisa linapitisha kikapu. Nani anachangisha harambee ya chakula cha kila jioni kwa miaka minne?

Kuligusa tumbo la mwanafunzi si jambo dogo nchini humu. Serikali ilipoondoa posho, Makerere iligoma, na mwezi Desemba 1990 polisi waliwapiga risasi wanafunzi wawili wakafa.

Majirani zetu walilitambua hili mapema. Tanzania hukopesha pesa za chakula na malazi, na wanafunzi wenyewe huziita boom. Ng'ambo ya mpaka hapa, Mkenya naye hupata za kujikimu. Ila wao pia wana yao. Mwaka 2016 Tanzania ilipandisha makato ya mdaiwa kutoka asilimia 8 ya mshahara hadi 15, na wafanyakazi wakalia. Kenya ilileta mwaka 2023 mfumo wa kuwapanga wanafunzi kwa uwezo wa familia zao, kukawa na ugomvi hadi mahakamani kuhusu nani ni maskini na nani si maskini.

Na kulipa kwenyewe? Mhitimu hupewa mwaka mmoja wa kupumua, kisha deni linaanza kudaiwa. Mwajiri anatakiwa kukata kwenye mshahara, kwa hiyo mwalimu na nesi watanaswa bila shida. Lakini wahitimu wangapi wana mshahara wa kukatwa? Mhandisi anayeendesha boda hapa mpakani utamkata wapi?

Ningepewa kalamu, ningeuondoa ufadhili wa bure kwa watoto wa wenye uwezo, hata wakiwa na pointi zote, nao wakope kama wengine. Mgao wa wilaya na nafasi za walemavu nisingegusa. Kinachookolewa kingeingia kwenye mkopo kama pesa ya chakula na chumba, ikitumwa kwa simu kila mwezi, kidogo kidogo, ili Wandegeya isiimeze kwa mkupuo. Itaongeza deni, najua. Deni lililoshiba ni afadhali kuliko mtoto aliyeacha chuo mwaka wa pili huku karo yake imelipwa.

Mama jirani kila Ijumaa humtumia kijana shilingi 20,000, pamoja na za kutolea. Juzi aliniuliza kama serikali inaziandika mahali, ili siku ya kudai mkopo zipunguzwe. Nikamwambia hapana, haziandiki. Akaendelea kupanga samaki.