Bampa la Nyuma la Mtumba: Ligeuze Kabla ya Kutazama Rangi

Wanunuzi wengi wa bampa la mtumba huanza na rangi. Wakiona limefanana na gari lao, bei hukubaliwa papo hapo. Huko ni kuanzia mwisho. Rangi hupulizwa upya, na hata iliyofanana mara nyingi hutofautiana kidogo, kwa kuwa magari mawili yenye namba moja ya rangi hayapaukii jua kwa kiasi kimoja. Lakini sikio la plastiki, yaani kile kipande cha kulifungia bampa kwenye gari, likishakatika pembeni, bampa litaachia pengo kila utakapolirudisha.

Kwa hiyo ligeuze. Upande wa ndani tafuta namba ya spea, iliyochapwa kwenye plastiki au kwenye kibandiko, uilinganishe na ya bampa lako la zamani. Kama la zamani halipo, mpe muuzaji namba ya chasi aitafute kwenye katalogi. Jina la gari na mwaka havitoshi. Gari la jina moja huweza kuundwa saluni (lenye buti lililojitenga), hachibaki (lenye mlango wa nyuma unaofunguka na kioo chake) na stesheni wagoni (lenye paa refu hadi nyuma), na mabampa yake hayaingiliani kwa sababu taa na mlango wa nyuma hukutana nayo mahali tofauti. Toleo likiboreshwa umbo la taa nalo huweza kubadilika, wakati mwingine katikati ya mwaka, hivyo uliza mwezi gari lilipoundwa. Tarehe ya usajili inaweza kuwa ya baadaye sana.

Kisha hesabu matundu. Bampa lisilo na matundu ya sensa za kuegesha linaweza kutobolewa kwa kipimo, ila kuziba matundu yaliyopo ni kazi ya kuchomelea plastiki, kupiga puti ya kusawazisha, kusugua na kupaka rangi upya. Kama gari lako halina sensa, liache lenye matundu hata likiwa rahisi. Angalia pia nafasi ya ekzosi, kifuniko cha ndoano ya kuvutia gari, na mahali pa viakisi.

Nyufa zitafute kwa tochi: mulika kutoka nje huku ukitazama ndani, na upinde kingo taratibu kwa mikono. Ukikuta faiba imebandikwa kwa ndani, au sehemu nzito isiyopindika kama jirani yake, hapo pana ukarabati. Mabampa mengi ni ya polipropilini, ambayo hualamishwa PP kwa ndani, na puti au rangi isiyotanguliwa na praima ya plastiki (rangi ya chini ya kushikiza) huambuka humo. Gari lenye rada za pembeni nyuma ya bampa (vihisi vya kugundua magari yaliyo ubavuni) liwe na uangalifu zaidi: puti nene kwenye kona huweza kuzivuruga, kwa hiyo kona zilizokarabatiwa usizikubali kabisa.

Jambo linalosahaulika ni kwamba unachouziwa kwa kawaida ni ganda tu. Nyuma yake kuna povu la kufyonza mshtuko, chuma cha bampa, na breketi za pembeni, yaani vishikizo vya pembe za bampa. Kama gari liligongwa, pima umbali kutoka chuma hicho hadi bodi, kushoto na kulia. Vipimo vikitofautiana, chuma au bodi imepinda, na ganda lolote utakalonunua litakaa upande. Breketi zilizovunjika zinunue pamoja na bampa. Klipu nunua mpya, maana za zamani hukakamaa na kukatika zinapotolewa.

Lijaribu kwenye gari kabla halijapakwa rangi. Ingiza skrubu zote bila kuzikaza, ingiza pembe kwenye breketi, linganisha mapengo na fenda za pande zote mbili, fungua na ufunge buti, ndipo ukaze. Fundi anayetaka kupaka rangi kwanza mkatalie, kwa sababu kulisukuma au kulikwangua likiwa limeshapakwa kunaharibu kazi yake mwenyewe. Na siku ya kulipa, andikianeni na muuzaji kwamba bampa ambalo halijapakwa rangi atalipokea likikataa kukaa, na utaje ni ndani ya siku ngapi.