Losheni nzito sio lazima iwe nzuri

Kuna hii tabia yetu ya kuinamisha chupa ya losheni dukani tuone inamwagika haraka au taratibu, ikienda taratibu basi "hii ndo yenyewe, ile nyingine wamejaza maji". Jamani zote zina maji. Chukua jeli au seramu yoyote hapo ulipo usome nyuma, mara nyingi cha kwanza kabisa ni aqua, yaani maji, na huo uzito unaousifia unaweza kuwa umeletwa na unga wa asilimia 1 tu, saa nyingine hata nusu yake, uliovimba kwenye hayo maji basi.

Waliowahi kutengeneza sabuni ya maji wanaujua mmoja wa hizo unga, CMC (carboxymethyl cellulose), unauzwa maduka ya malighafi pamoja na sless na salfoniki, zile za kutoa povu. Inatokana na selulosi, yaani kitu kilekile kinachojenga miti na pamba. Selulosi yenyewe haiyeyuki kwenye maji, ingekuwa inayeyuka shati la pamba lisingemaliza hata kufuliwa mara moja, sasa kiwandani wanaichanganya na alkali na kemikali zingine ndo inakubali kuyeyuka. Kwa hiyo mtu akiniambia losheni yake "ni ya asili tupu haina kemikali" kisa uzito wake umetoka kwenye mti, namwangalia tu. Sisemi ni mbaya lakini, CMC hiyohiyo inawekwa kwenye aiskrimu, huko kwenye lebo inaitwa E466, na kwenye matone ya macho makavu pia ipo.

Ila hizi unga hazifanani. CMC ina chaji ya umeme kwa hiyo haipatani na chumvi nyingi wala asidi, ukiitia kwenye seramu ya vitamini C yenye asidi kali italegea, hapo ndo watu wanatumia ndugu yake HEC, nayo ya selulosi, ambayo haina chaji na haijali sana. Na unga wowote kati ya hizi usiumwage kwenye maji moja kwa moja utapata mabonge hutoamini, ulowanishe na glisirini kwanza.

Halafu vile viuchafu vinavyojikunja usoni ukipaka sanskrini juu ya seramu, kama vya kifutio, sio ngozi inabanduka, mara nyingi ni hizi unga za kuongeza uzito zilizokauka kama gundi. Paka kidogo, subiri ikauke.

Kinachoniudhi kweli ni wanaouza jeli za kupika nyumbani bila kihifadhi, yaani kitu cha kuzuia zisioze. Bakteria na fangasi wana vimeng'enya vya kukatakata selulosi, ndo maana jeli iliyokuwa nzito wiki iliyopita unaikuta imekuwa majimaji, na hiyo usiipake hata kama inanukia vizuri. Mimi muuzaji simuulizi mbona nyepesi, namuuliza ameweka kihifadhi gani, akianza habari za inakaa miezi 6 bila chochote kwa sababu ni mmea, namrudishia chupa yake.