Zaburi ya 90 isomwe yote pale matangani

Shika programu ya mazishi popote huku Kisumu, kuanzia Seme hadi Ahero. Mara nyingi chini ya picha ya marehemu utakuta Zaburi 90:10: miaka sabini, na ikiwa tuna nguvu, themanini. Msomaji anaitwa, anasoma aya hiyo moja, anarudisha kipaza sauti. Hilo ni kosa, tena linaumiza waliofiwa. Aya ya 10 ikisimama peke yake haina faraja. Faraja iko kwa Yule anayeambiwa maneno hayo.

Chukua mfano marehemu ana miaka 34. Mama yake ameketi mbele, karibu na jeneza, anasomewa sabini. Atasikia nini, ila kwamba mwanawe amepunjwa miaka 36, au kwamba kuna dhambi iliyoikata? Lakini sabini si ahadi. Kichwa cha zaburi kinasema ni sala ya Musa, na Musa mwenyewe, kwa mujibu wa Kumbukumbu la Torati 34:7, alikufa na miaka 120. Anayeomba hapa analia kwamba maisha ni mafupi hata yakiwa marefu. Hamgawii mtu fungu lake la miaka.

Tuanze basi inapoanzia zaburi yenyewe: "Wewe, Bwana, umekuwa makao yetu, kizazi baada ya kizazi." Huku kwetu makao si neno jepesi. Mjaluo akifia Mombasa atasafirishwa hadi dala, yaani boma la kwao, na kama hakuwa amejenga, wazee watakaa chini kuulizana alazwe wapi. Mwaka wa 2020, Ziwa Victoria lilipopanda, familia za ufukweni zilihama boma zenye makaburi ya wazazi wao. Sasa mtazame anayesema "makao yetu": mtu aliyezunguka jangwani miaka 40 akilala hemani, asiingie Kanaani, na ambaye kaburi lake, inasema Kumbukumbu 34:6, hakuna alijuaye. Hana dala wala kaburi la kuonyeshwa wajukuu. Makao yake ni Mungu aliyekuwapo "kabla haijazaliwa milima". Huyo aliyemshika babu, akamshika baba, bado yupo siku mwana anapofukiwa. Kumtegemea Mungu wa milele ni kuegemea hapo.

Aya ya 4 inasema miaka elfu kwake ni kama kesha la usiku. Waebrania wa kale waliugawa usiku makesha matatu, kwa hiyo kesha moja ni kama saa nne. Aliyewahi kukesha kando ya jeneza anajua saa hizo zilivyo ndefu. Hapo wengine huwaambia wafiwa wanyamaze, Mungu hana haraka. Zaburi haisemi hivyo hata kidogo. Aya ya 13 inauliza waziwazi, "hata lini?" Angalia na kitenzi: katika aya ya 3 Mungu anawaambia wanadamu "Rudini", yaani mavumbini, katika aya ya 13 wanadamu wanamwambia Mungu "urudi". Hata katika Kiebrania ni kitenzi kilekile. Anayemwamini Mungu wa milele ana ruhusa ya kumrudishia neno lake mwenyewe.

Aya za 7 hadi 11, za hasira, ndizo huharibiwa zaidi. Zisirukwe, lakini zisielekezwe kwa marehemu. Zaburi inasema "tumetoweshwa", "tumefadhaishwa". Mhubiri anayeigeuza "tu" hiyo kuwa "a", akaanza kutaja pombe za marehemu, amechukua sala ya wote akaifanya hukumu ya mmoja.

Aya zote 17, kwa sauti ya kutulia, hazizidi dakika tatu au nne. Wasomaji wawili wanatosha: mzee asome 1 hadi 12, kijana wa boma apokee kwa "urudi". Mzee avute pumzi baada ya aya ya 2, watu waisikie milima kabla hawajasikia mavumbi. Aya ya 14 inaomba kushibishwa fadhili asubuhi, hivyo isomwe asubuhi, baada ya kesha. Muda ukibana, zipunguzwe hotuba.

Aya ya mwisho inaomba kazi ya mikono yetu ithibitishwe, na inaomba mara mbili. Wasomaji wengi huikata ile ya pili wakidhani ni marudio tu. Isomwe. Mjane atakayerudi sokoni Jumatatu ana haki ya kuisikia mara zote mbili.