Chuo cha Kanisa hupotelea kwenye barua ya ajira

Mei 17, 2009, Chuo Kikuu cha Notre Dame, jimboni Indiana, kilimtunuku Rais Barack Obama shahada ya heshima, na Wakatoliki wa Marekani wakagawanyika vibaya. Maaskofu wengi walipinga hadharani. Waraka wao wa 2004 ulikuwa umekataza taasisi za Kikatoliki kuwapa tuzo, heshima au jukwaa watu wanaokiuka misingi ya maadili ya Kanisa, na msimamo wa Obama kuhusu utoaji mimba haukuwa siri. Naamini walikuwa na haki ya kupinga. Ila walikuwa wamechelewa miaka 42.

Julai 1967, huko Land O'Lakes, Wisconsin, viongozi wa vyuo vya Kikatoliki walioalikwa na Padre Theodore Hesburgh, mkuu wa Notre Dame, walitoa tamko kwamba chuo kikuu lazima kijitawale mbele ya mamlaka yoyote ya nje, iwe ya walei (waumini wasio mapadre wala watawa) au ya makleri (maaskofu, mapadre na mashemasi). Mwaka huohuo Shirika la Msalaba Mtakatifu, shirika la kitawa lililoanzisha chuo hicho, likakabidhi uongozi wa Notre Dame kwa bodi yenye walei wengi. Sina ugomvi na walei kuongoza. Tatizo ni kwamba mambo mengi yaliyolindwa na shirika kwa mazoea tu, hasa nani aajiriwe na kwa nini, sasa yalihitaji kulindwa kwa maandishi.

Maandishi yalikuja 1990, Papa Yohane Paulo II alipotoa katiba ya kitume Ex Corde Ecclesiae, sheria ya Kanisa kuhusu vyuo vikuu vya Kikatoliki. Inasema walimu wasio Wakatoliki wasiwe wengi kuliko Wakatoliki, na kila mwalimu, siku anapoajiriwa, aelezwe utambulisho wa chuo na wajibu wake wa kuukuza au walau kuuheshimu. Kanuni ya 812 ya Sheria za Kanisa ilikuwa tayari inamtaka mwalimu wa teolojia awe na kibali cha mamlaka ya Kanisa.

Hapo ndipo mambo yanapokwama. Kibali kinabaki kati ya askofu na mwalimu, na vyuo vingi vya Marekani havitangazi nani anacho, kwa hiyo mzazi anayelipa ada hana pa kuangalia. Ajira nayo iko mikononi mwa idara. Chukua kitivo chenye walimu 40 ambapo wawili wanastaafu kila mwaka: ndani ya miaka 20 walimu wote ni wapya. Kama kila tangazo la kazi lilitaja PhD na machapisho tu, bila neno juu ya utume wa chuo, kitivo kimebadilika na hakuna kikao kilichowahi kuamua kibadilike. Hakuna mzushi wa kumnyooshea kidole.

Wanaolalamikia upande mmoja tu wa siasa nao wanakosea. Machi 23, 2015, Seneta Ted Cruz wa Republican, chama kinachopingana na cha Obama, alitangaza kuwania urais wa Marekani akiwa katika Chuo Kikuu cha Liberty, chuo cha Waprotestanti wa kiinjili huko Virginia, mbele ya wanafunzi waliotakiwa kuhudhuria kusanyiko hilo kwa lazima. Kijana aliyekuja kusikiliza Neno la Mungu akageuzwa umati wa kampeni. Kwangu hilo ni kosa hata kama mgombea anakubaliana na kanisa lako kwa kila hoja. Utaratibu wa kulizuia ni mwepesi: mwanasiasa asipewe nafasi kwenye ibada wala mkusanyiko wa lazima, aje kwenye mdahalo ambao mtu anaweza kuinuka na kuondoka, na mpinzani wake aalikwe kwa masharti yaleyale.

Kwetu, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) cha Mwanza ni mali ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, na inapokea wanafunzi wa dini zote, jambo jema kabisa. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inakagua sifa za kitaaluma. Kukagua imani si kazi yake, wala haipaswi kuwa. Kazi hiyo ni ya mwenye chuo. Bodi yoyote ya chuo cha Kanisa inaweza kuifanya kabla ya muhula kufunguliwa: itoe mafaili ya walimu walioajiriwa miaka 5 iliyopita na kuangalia mangapi yana karatasi iliyosainiwa, inayoeleza chuo kinaamini nini na mwalimu anatarajiwa nini. Pale ambapo karatasi hiyo haipo, mwalimu hakuambiwa, na si haki kumlaumu baadaye kwa kutotimiza ahadi ambayo hakuombwa kuitoa.