Ma: jemadari wa Zhao au silabi ya Muhammad?

Akitajwa Zheng He, yule amiri wa Kichina ambaye merikebu zake zilifika hadi Malindi mwanzoni mwa karne ya 15, hakosi mtu wa kukumbusha kwamba alizaliwa Mwislamu na kwamba jina lake la ukoo lilikuwa Ma. Hapo hufuata kauli ya pili: Ma ni Muhammad. Ati Wachina walilifupisha jina la Mtume wakabakiza silabi ya kwanza, kwa hiyo ukikutana na Mchina aitwaye Ma, toa salamu, huyo ni mwenzako katika dini.

Kauli hiyo ina kiini cha kweli, ila imebebeshwa mzigo unaoizidi nguvu.

Tuanze na hesabu. Ma ni miongoni mwa majina 20 makubwa ya ukoo nchini China, na wanaoitwa hivyo wanapita milioni 15. Wahui, yaani Waislamu wenye lugha ya Kichina, walikuwa milioni 11 na ushei katika sensa ya 2020. Hata tungempa kila Mhui jina la Ma, mkubwa kwa mdogo, bado wangebaki mamilioni ya Ma wa upande mwingine. Na Wahui wenyewe wana majina mengine tele, ingawa msemo wa Kichina unadai kwamba kati ya Wahui kumi, tisa ni Ma. Jack Ma aliyeanzisha Alibaba, na Ma Ying-jeou aliyekuwa rais wa Taiwan kuanzia 2008 hadi 2016, wanaliandika jina hilo kwa herufi ile ile, nao si Wahui.

Hao wana simulizi yao, tena kongwe zaidi. Mwaka 270 KK, falme za China zikiwa bado zinatafunana, Zhao She, jemadari wa ufalme wa Zhao, alilishinda jeshi la Qin huko Yanyu. Mfalme wake akamtunuku cheo cha Bwana wa Mafu. Wazao wakajiita Mafu, kisha silabi ya pili ikadondoka, ikabaki Ma, herufi ambayo maana yake ni farasi. (Kumbe huku nako jina lilikatwa mkia.) Mwanawe Zhao Kuo hakuwa na bahati ya baba: ndiye aliyeliangamiza jeshi la Zhao huko Changping mwaka 260 KK. Baadaye ukoo ukajikita Fufeng, katika jimbo la Shaanxi la leo, na huko akatokea Ma Yuan, jemadari wa dola ya Han aliyefariki mwaka 49 BK. Mpaka leo koo nyingi za Ma huandika Fufeng kuwa ndilo chimbuko lao, hata kama hakuna aliye hai kwao anayejua basi la kwenda huko linapandiwa wapi.

Waislamu waliliingia jina hili kwa kuchelewa. Wapo China tangu enzi ya watawala wa Tang (karne ya 7 hadi ya 10), lakini wimbi kubwa lilikuja chini ya Wamongolia katika karne ya 13: askari, mafundi, watoza kodi na maofisa kutoka Asia ya Kati na Uajemi. Mashuhuri kati yao ni Sayyid Ajall Shams al-Din wa Bukhara, aliyepewa kuitawala Yunnan mwaka 1274. Watu hawa hawakuwa na jina la ukoo kwa namna ya Kichina, linalotangulia na kurithiwa. Walikuwa na majina ya mtindo tunaoujua: fulani bin fulani. Sasa mfikirie karani mwenye daftari. Anataka herufi moja ya ukoo, na mbele yake amesimama Muhammad. Katika maandishi ya enzi ya Ming, watawala waliowafuata Wamongolia, Muhammad huandikwa Ma-ha-ma. Karani anachukua herufi ya kwanza, ambayo tayari ni jina la ukoo lenye heshima ya miaka zaidi ya elfu moja, anafunga daftari.

Yaliyompata Nasir al-Din, mwana wa Sayyid Ajall, yanapendeza zaidi. Jina lake liliandikwa Na-su-la-ding, na Wahui husimulia kwamba wazao wake waligawana silabi kama wanavyogawana mirathi: hawa Na, wale Su, wengine La, wengine Ding. Babu mmoja, koo nne.

Je, walilazimishwa? Wengi husema hivyo, nao wana ushahidi: mwaka 1368 mwanzilishi wa Ming alipiga marufuku mavazi, lugha na majina ya kigeni. Lakini mwaka 1370 mfalme yule yule alitoa amri iliyoelekea kinyume, akiwakataza Wamongolia na watu wenye asili ya Asia ya Kati na Uajemi kubadili majina yao, asije mjukuu akaisahau asili yake. Kwa hiyo mwenye kusema walilazimishwa ana amri yake mkononi, na mwenye kusema walijichagulia anayo yake. Kwa maoni yangu karani alikuwa na nguvu kuliko amri zote mbili. Aliyetaka cheo, shamba au mke alihitaji jina linaloandikika.

Wenye shaka na simulizi ya Muhammad wana hoja ambazo haziwezi kupuuzwa. Vitabu vingi vya ukoo viliandikwa vizazi kadhaa baada ya wazee wanaotajwa humo. Uchunguzi wa vinasaba vya Wahui unaonyesha kwamba sehemu kubwa ya asili yao ni ya Asia Mashariki, na ile ya kutoka magharibi ni ndogo. Halafu kuna jambo la kawaida kabisa: Mchina aliyekuwa Ma tangu zamani, akasilimu kwa sababu ya ndoa, hakuwa na haja ya kubadili chochote. Mjukuu wake leo anaweza kuapa kwamba Ma yake ni ya Mtume, na huenda ikawa ni ya Mafu.

Lakini tukiutumia mzani huo huo kwa upande wa pili, jemadari naye anapwaya. Kati ya Zhao She na Ma Yuan kuna zaidi ya miaka 200, na historia ya enzi ya Han inayowaunganisha iliandikwa katika karne ya 5. Hata hivyo sijasikia mtu akiwadai Ma wa Fufeng kipimo cha damu. Deni la kuthibitisha huwekwa mlangoni kwa Mwislamu peke yake, na hapo ndipo ninapotofautiana na wenye shaka.

Sisi wa pwani tuna sababu ya kuwa waangalifu. Kwa miaka mingi wanahistoria wengi waliyaona madai ya Ushirazi, yaani ya kutoka Uajemi, kuwa ni ya kujitafutia heshima tu. Mwaka 2023 ukatoka uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya kale kutoka sehemu kama Mtwapa, Manda na Kilwa, ukaonyesha kwamba upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa, na upande wa baba ulikuwa na asili ya Kiajemi kweli, kuanzia mnamo mwaka 1000. Hadithi za wazee hazikuthibitika zote, wala hazikuwa za kutungwa zote.

Jinsi jina lilivyoenea nako kunavuruga wazo la ukoo mmoja. Linxia, katika jimbo la Gansu, ilitoa familia tatu maarufu za Ma zilizoishika kaskazini-magharibi ya China kwa silaha mpaka 1949. Watu wa nje huwaita kwa mkupuo "akina Ma", kumbe ni wa nasaba mbalimbali. Mmoja wao, Ma Bufang wa Qinghai, alikimbilia Misri kisha Saudi Arabia, akafia Jeddah mwaka 1975.

Ushahidi ninaouamini kuliko wote ni jiwe la kaburi la baba yake Zheng He, huko Kunyang, Yunnan, lenye maandishi ya mwaka 1405. Linasema marehemu aliitwa Haji, wa ukoo wa Ma. Babu wa marehemu alikuwa Bayan, jina la Kimongolia, na bibi yake ndiye anayetajwa kuwa wa ukoo wa Ma. Sayyid Ajall hayumo, Muhammad hayumo, wala jemadari wa Zhao hayumo. Jiwe linaendelea: aliacha mabinti wanne na wana wawili, mkubwa Wenming, mdogo He, na huyu He amemtumikia mfalme akapewa jina la ukoo Zheng. Wanaojihesabu kuwa wazao wa amiri huyo, kupitia mtoto wa kaka yake, wanaitwa Zheng hadi leo.