Maji ndani ya kompyuta: tunaogopa kitu sicho

Mwambie fundi wa kompyuta Kariakoo kwamba unataka kupoza prosesa, ile chipu kuu ya kompyuta, kwa maji, na jibu litakuja kabla hujamaliza: maji na umeme wapi na wapi? Mwingine ataongeza kwamba kwa joto la Dar hata hayo maji yatapata moto tu. Huyu wa pili ana hoja.

Maji hayaleti baridi. Yanabeba joto kutoka kwenye bloku ya shaba iliyokaa juu ya prosesa, yanalipeleka kwenye rejeta, na feni zinalipuliza chumbani. Chumba cha Sinza chenye nyuzi 32 mwezi wa Februari hakikupi maji ya nyuzi 25, hata ufunge rejeta ya lori. Anayenunua mfumo huu kupambana na joto la jiji anatupa hela. Hitisinki kubwa, lile pande la chuma lenye mapezi linalokaa juu ya prosesa, ikiwa na feni mbili itamfikisha karibu palepale.

Ila kuna hesabu ambayo hawa wawili hawaigusi. Lita moja ya maji hula jouli kama 4,200 ndiyo ipande nyuzi moja. Kompyuta ikimwaga wati 300 humo, hata rejeta isipofanya kazi kabisa, itachukua sekunde 140 kuipandisha nyuzi 10. Dakika mbili na ushei! Hitisinki hupata moto upesi zaidi, na feni huanza kupiga kelele hapohapo. Kwa anayehariri video za harusi, anakata, anatazama, anakata tena, au anayerekodi sauti chumba hichohicho, utulivu huo ndio anaoulipia. Kwa kazi inayoikamua prosesa saa nzima mfululizo, faida hiyo huyeyuka.

Na kuvuja? Kunazuilika kwa subira. Ukishafunga mipira, jaza tangi, maana pampu haitakiwi kuzunguka kavu. Chomoa nyaya zote za umeme isipokuwa ya pampu, tandaza tishu chini ya kila kiungo, kisha, pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ikiwa imezimwa, unganisha waya wa kijani na mweusi kwenye plagi yake kubwa kwa klipu ya karatasi. Ukiwasha, pampu tu ndiyo inazunguka. Inamisha kasha huku na huku viputo vitoke, ongeza maji, acha saa 24. Tone likianguka, limeangukia vifaa visivyo na umeme: unafuta, unakausha, unakaza.

Kinachoua mifumo hii ni ubahili. Nimeona mtu kafunga rejeta ya pikipiki, ya alumini, pamoja na bloku ya shaba. Baada ya miezi maji yakawa uji wa kijivu, kwa sababu metali hizo mbili zikikutana majini alumini ndiyo huliwa. Maji ya bomba nayo yana chumvichumvi. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri (asidi hapana, jamani), tia dawa ya kuzuia mwani, ubadilishe kila mwaka.

Hoja nzito ya wapinzani, ambayo wenyewe huitaja mara chache, ni pampu. Ikifa, duka la jirani halina, na ya kuagiza nje inaweza kuchukua wiki kadhaa huku wateja wanapiga simu. Ndiyo maana hitisinki yangu ya zamani bado iko kwenye droo, na pesti yake ya kupitishia joto pembeni.